Kumbukumbu ya mradi: sanduku la diski la studio ya Moshi, hatua ya kuchagua

Mradi umefika pa kununua. Studio ya dada yangu hapa Moshi inapiga picha na video za harusi, send-off na kipaimara, na kazi za miaka yote zimelala kabatini kwenye diski za nje, kila moja na kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu. Lengo ni lilelile: NAS, yaani sanduku moja la diski lililounganishwa na mtandao wa ofisi, ambalo kompyuta zote mbili za kuhariri zitalifungua kwa wakati mmoja. Dada aliniambia hivi: "Mdogo wangu, mteja akirudi baada ya miaka mitatu kuulizia harusi yake, niipate kabla hajamaliza soda."

Ukubwa kwanza. Video ya 4K inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kila saa. Kamera mbili zikirekodi saa tatu tatu, hizo ni gigabaiti 270. Weka na picha 1,500 za RAW, yaani picha ghafi za kamera, zenye megabaiti 30 hivi kila moja, harusi moja imefika gigabaiti 315. Terabaiti 8 zinajaa kwa harusi 25, na Desemba, Wachagga wakisharudi nyumbani, sherehe zinapandana. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba video ghafi itakaa mpaka mteja apokee kazi yake na miezi sita ipite. Vya kutunzwa daima ni filamu iliyokamilika na picha zilizochaguliwa. Makubaliano haya yameokoa pesa kuliko punguzo lolote la dukani.

Nilipima pia wazo la kutumia kompyuta ya mezani ya zamani yenye TrueNAS, programu inayoigeuza kompyuta kuwa NAS. Programu ni ya bure na mfumo wake wa kuhifadhi mafaili, ZFS, unagundua faili likiharibika kimyakimya, jambo ninalolithamini sana. Lakini mashine inayokula wati 60 mchana na usiku inamaliza uniti 43 za LUKU kwa mwezi; kisanduku cha wati 20 kinatumia uniti 14 na kidogo. Halafu mimi naishi Arusha. Kitu kikigoma Ijumaa usiku, dada na kijana wake wa kuhariri lazima waweze kukishughulikia wenyewe.

Nimechagua Synology DS223, ya diski mbili. RAM yake, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 2 haiongezeki na tundu la mtandao ni moja tu, la gigabiti 1, lakini kazi yake hapa ni kutunza mafaili, na hiyo inaiweza. QNAP, kampuni nyingine ya masanduku haya, ina mashine zenye nguvu zaidi kwa bei zinazolingana. Wengi wanaikumbuka kwa DeadBolt, virusi vya Januari 2022 vilivyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ila walioumia ni wale ambao sanduku lao lilikuwa wazi kwa intaneti. Hatari hiyo haichagui chapa, ndiyo maana sitafungua kwenye ruta mlango wowote wa kuliingilia sanduku kutoka intaneti.

Kwenye diski ndiko sikubali njia ya mkato. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski za WD Red (za Western Digital) za terabaiti 2 hadi 6 zilikuwa za SMR, teknolojia inayopandisha njia za data moja juu ya nyingine kama mabati ya paa. Ukibadilisha diski iliyokufa, sanduku linapoijaza mpya, SMR inaweza kuburuta vibaya mno au kutupwa nje kabisa. Nataka CMR, ambazo njia zake hazipandani, basi: IronWolf ya Seagate au WD Red Plus. Muuzaji akisema "hii ni ya seva, kaka", mwombe usome namba ya modeli kwenye lebo, kisha uchomeke diski kwenye kompyuta na uangalie kwa programu ya CrystalDiskInfo imeshawaka kwa jumla ya saa ngapi. Diski mpya haina maelfu ya saa.

Diski zote mbili zitaandika kitu kilekile, RAID 1. Moja ikifa, kazi inaendelea. Lakini ukifuta harusi, imefutika kote. Wezi wakibeba sanduku, wamebeba zote. Lazima nakala nyingine ikae mbali. Kuipandisha kwenye intaneti kwa megabiti 10 kwa sekunde, harusi moja ya gigabaiti 300 ingechukua zaidi ya saa 66. Moshi na Arusha ni kilomita 80 hivi, na Coaster haikosi. Diski mbili za nje zitapokezana: moja kwangu, nyingine studio ikijazwa kupitia tundu la USB la mbele. Zote zitafungwa kwa nywila, maana zimebeba sura za watu na familia zao.

Kazi ya mtandao wa ofisi imekwisha. Ruta ina matundu ya megabiti 100, kasi ambayo ingehamisha harusi moja kwa zaidi ya saa saba. Nimeweka swichi ya gigabiti, na sasa hesabu inashuka hadi dakika 45. Waya mmoja ulikuwa umebanwa nyuzi nne tu badala ya nane, nikaubana upya.

Bado UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika. Naitaka yenye waya wa USB inayoweza kuliambia sanduku umeme umekatika, lijizime taratibu kabla betri haijaisha. Ikipatikana, naagiza diski. Baada ya kuhamisha kazi za mwaka huu, na nakala ya Arusha ikiwa tayari, nitachomoa diski moja makusudi mbele ya dada, nione kijana anairudisha bila kunipigia simu.