Siku moja maishani mwangu: kurekebisha wosia, Nakuru

Saa mbili asubuhi. Nakala ya wosia iliyobaki ofisini kwetu inatolewa kabatini na kusomwa kifungu kwa kifungu. Mteja akifika, tunajua kilichoandikwa, si anachokumbuka.

Saa tatu. Mzee anaingia na bintiye. Binti anaombwa asubiri nje. Si kumkosea heshima: wosia uliopatikana kwa kushurutishwa ni batili, na aliyenyimwa urithi ataulizia nani alikuwa chumbani.

Wosia halisi unatoka kwenye bahasha ya kaki. Kifungu cha tano, cha ploti, kimekatwa kwa kalamu ya buluu, jina la mjukuu limebanwa juu ya mstari, na kando kuna sahihi ya mzee peke yake. Inauma kumwambia, lakini kalamu ile haijabadilisha kitu. Kwa Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, rekebisho lolote baada ya wosia kutiwa sahihi linahitaji sahihi ya mwenyewe na mashahidi wawili, kwa kawaida pembeni pale pale. Bila hivyo, ploti bado ni ya aliyeandikwa mwanzo.

Pini ya wosia haing'olewi, hata kwa fotokopi. Matundu mapya kwenye kona huzua madai ya ukurasa uliochomolewa.

Saa tano. Badiliko ni moja, kwa hiyo nyongeza ya wosia inatosha: tarehe ya wosia wa awali, namba ya kifungu, maneno mapya, kisha "vifungu vingine vyote vinabaki vilivyo". Yakizidi matatu, tunaandika wosia mpya unaoanza kwa kutangua, yaani kufuta, wa zamani na nyongeza zake zote. Nyongeza juu ya nyongeza huzaa kesi.

Saa nane. Kutia sahihi. Sheria hailazimishi mashahidi wawe pamoja, ila sisi tunawaketisha meza moja. Kila mmoja amwone mzee akiandika, naye mzee awaone wakitia zao. Mkwe alijitolea, tukamkatalia: shahidi akiwa mnufaika au mwenzi wa mnufaika, alichoachiwa mnufaika huyo hubatilika, isipokuwa wakiwepo mashahidi wengine wawili wasiohusika. Tusingehatarisha fungu la mkewe.

Saa kumi. Simu: mteja mwingine amefunga ndoa mwezi jana, anataka kumwongeza mkewe. Hakuna cha kuongezea. Ndoa imeshatangua wosia wake, kwa kuwa haukusema umeandikwa kwa kutarajia kumwoa mwanamke huyo kwa jina. Aje kesho saa tatu, na kitambulisho na orodha ya mali, tuanze upya.