Jinsi Nilivyofanikiwa Kuzipandisha Diatomu za Blackford Pond

Nilipokuwa masomoni Edinburgh, nilipewa kazi iliyoonekana nyepesi: kuchota tope la Blackford Pond, kidimbwi cha bata kilicho kusini mwa jiji hilo, nitenge humo diatomu za Sellaphora na kuona zipi zinakubali kupandana. Diatomu ni mwani wa seli moja unaoishi ndani ya ganda la silika lenye vipande viwili, kimoja kikikifunika kingine kama kopo la dawa ya viatu.

Nililainisha bomba la kioo motoni, nikalivuta hadi likawa jembamba kama unywele, kisha nikawa nanyonya seli moja moja chini ya darubini na kuihamishia kwenye maji yenye virutubisho, ili ijigawe na kujizalia ukoo wake. Kwa kuwa mkono wangu ulikuwa bado mzito, nilichagua seli kubwa kubwa, zilizo rahisi kukamata. Nilizichanganya koo hizo mbili mbili kwa miezi miwili bila kuambulia kitu.

Kosa lilikuwa langu. Seli inapojigawa, kila binti hurithi kipande kimoja cha ganda na kukifanya kifuniko, kisha hujitengenezea cha pili kwa ndani. Anayerithi kile kidogo huwa mdogo kuliko mama yake, na hivyo ukubwa wa wastani hupungua kizazi hadi kizazi. Kupandana huwezekana tu seli zikishapungua vya kutosha; seli kubwa, basi, ni kigoli ambaye hajavunja ungo.

Nilianza upya na seli ndogo za Sellaphora capitata. Ukoo mmoja peke yake hauzai, kwani spishi hii ina jinsia mbili zisizotofautishika kwa macho, na mchumba hupatikana kwa kubahatisha tu. Siku ya nne baada ya kuchanganya koo mbili, nilikuta seli zimelala ubavu kwa ubavu. Baadaye zaigoti ilivimba na kurefuka kuwa auksospora, ndefu kuliko wazazi wote wawili, na ndani yake seli mpya ikajifinyanga katika ukubwa wa awali.

Hapo ndipo nilipozichanganya seli ndogo za capitata na za Sellaphora blackfordensis, jirani yake wa tope lilelile. Hadi mwaka 2004, mtaalamu wa diatomu David Mann na wenzake walipozitenganisha kwa vipimo vya maganda na majaribio ya kupandisha, zote mbili zilikuwa zikiitwa Sellaphora pupula. Katika vijisahani vyangu kila moja ilipandana na wa kwao, lakini zilipokutanishwa zilipishana tu. Jioni hiyo nilibandua lebo zote nilizoziandika “pupula”.