Mzigo wangu jikoni kwa bibi

"Mwalimu, mzigo wako umefika. Ila mimi sikuagiza."

Ndivyo alivyonipokea bibi jirani yangu wa chini, asubuhi moja ya Novemba 2023, hata shikamoo yangu hajaiitikia. Alikuwa amesimama mlangoni pa jiko lake la nje, ufagio wa chelewa mkononi, kanga kaifunga kibwebwe. Ndani, mafiga yake matatu yalikuwa yamezama, vichwa tu ndivyo vinaonekana, na sufuria ya ubwabwa wa jana imekaa juu ya tope kama ngalawa iliyoachwa na maji. Tope lenyewe lilikuwa la rangi ya chungwa. Sikuwa na la kubisha. Rangi ile ilikuwa ya kiwanja changu, na kiwanja changu kilikuwa mita kumi na tano juu ya kichwa chake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mmomonyoko wa udongo nimeufundisha miaka 19. Naweza kuamshwa usiku wa manane nikachora ubaoni kilima, matone ya mvua, mishale ya maji, na chini yake nikaandika: mmomonyoko wa matone, wa tabaka, wa vijito, wa makorongo. Mtoto wa darasa la sita akikosea mpangilio huo namkata maksi. Sasa nimesimama jikoni kwa mtu na raba zangu zimejaa tope, nimefaulu hatua zote nne kwa usiku mmoja.

Sitataja mtaa. Anayejua vilima vya Dar es Salaam, kuanzia Kimara na Malamba Mawili, uzunguke Goba, Makongo Juu hadi Salasala, anajua ardhi yenyewe ilivyo. Juu kuna gamba gumu ambalo wakati wa kiangazi hata sululu inalalamika. Chini ya gamba ni mchanga mwekundu uliochanganyika na udongo kidogo. Gamba likiwa zima, na nyasi zake na mizizi ya mikorosho, mvua inateleza juu yake tu. Ukilivunja, ule mchanga ukikutana na maji unakuwa uji.

Na mimi nililivunja lote kwa siku moja. Mwishoni mwa Septemba nilikodi kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, cha kulipia kwa saa, na kwa kuwa kila saa ilikuwa inakula mkopo wangu, nilitaka kisafishe kila kitu kwa mkupuo: mikorosho mitatu na visiki vyake, vichaka, nyasi, mpaka kona ambazo nyumba haitafika kamwe. Mlima tukaukata ukuta wa mita mbili ili kupata pa kuweka msingi. Udongo uliotoka ukasukumwa ukingoni, upande wa bondeni, ukaachwa hapo lundo. Nilimuuliza fundi kama tuuondoe. Akaangalia juu, mbingu nyeupe, akasema, "Mvua bado, mwalimu. Tutaujazia kwenye jamvi." Mwaka ule Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza kwamba vuli ingekuwa kubwa kuliko kawaida kwa sababu ya El Nino. Nilisikia kwenye redio, nikafikiria mahindi ya watu wengine.

Baadaye nilikaa na karatasi nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mapema. Kiwanja changu ni mita za mraba 600. Mvua ya milimita 50 kwa usiku, ambayo kwa vuli ya Dar si kitu cha ajabu, inamimina juu yake lita 30,000. Sisi wa vilimani maji tunayanunua, kwa hiyo nitakwambia kwa lugha yetu: ni maboza matatu ya lita elfu kumi, yamefunguliwa koki kwa pamoja, juu ya udongo usio na hata jani. Milimita moja tu ya udongo ikichukuliwa hapo ni toroli kumi hivi. Na lile lundo la ukingoni halikuondoka kwa milimita.

Siku ya tatu nikapata wito wa ofisi ya serikali ya mtaa. Nilipopita saiti kwanza, nikakuta wametangulia. Kwa kuwa nyumba haikuwepo, hakukuwa na ukuta wa kuandika, basi yule kijana mwenye kopo la rangi nyekundu aliandika kwenye tofali zangu zilizopangwa, herufi kubwa, upande mzima: SIMAMISHA. Neno lilianzia tofali za kushoto likaishia kulia, kila herufi imekalia tofali mbili tatu.

Ofisini tulikuwa mimi, bibi, mjumbe wa shina letu, mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Niliingia na kibali changu cha ujenzi kwenye bahasha ya kaki, kifua mbele. Kibali ninacho! Ramani imegongwa mihuri, bwana afya kapitia, mhandisi kapitia. Mtendaji akakipokea, akakigeuza nyuma. Mimi nyuma sikuwahi kusoma. Kulikuwa na masharti kwa maandishi madogo kama ya kwenye chupa ya dawa, na mawili yalinihusu moja kwa moja: maji ya kiwanja changu yasielekezwe kwa jirani wala barabarani, na kifusi kisitoke nje ya mipaka yangu.

"Mwalimu," mtendaji akasema kwa upole ulioniuma kuliko kufokewa, "hili sharti la pili wewe umelivunja kabla hujaanza kujenga."

Hapo ndipo nilipoanza kuzielewa sheria ndogo. Watu wengi, nami nikiwemo, tukisikia sheria tunafikiria Bunge. Kumbe mambo ya mifereji, kifusi, kukata miti mlimani na kulima kandokando ya chemchemi kwa sehemu kubwa hushughulikiwa na sheria ndogo, ambazo kila halmashauri hutunga zake chini ya Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982, zikatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Hata kijiji kina uwezo wa kutunga zake. Kwa hiyo unaweza kuvuka barabara ukaingia halmashauri nyingine ukakuta faini nyingine na masharti mengine, mlima ukiwa uleule.

Sheria ambayo kila mtu pale ofisini aliijua kwa moyo ilikuwa moja tu, ile ya mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au ufukwe wa bahari. Mjumbe akaitoa kama mtu anayetupa karata dume. Ikazuka mada ya korongo letu lililo chini ya nyumba ya bibi: je, ni mto? Miezi minane kwa mwaka ni kavu, vijana wanachezea mpira humo. Bibi akasikiliza, akacheka. "Mimi nimeolewa hapa," akasema, "hilo korongo nilikuwa nalivuka kwa hatua moja nikiwa na ndoo kichwani. Leo lori linageuzia humo. Nyie ulizaneni kama ni mto. Mimi naulizia jiko langu."

Tukaandikishana. Nisafishe jiko, nijenge upya ukuta wake mmoja uliobonyea, nidhibiti udongo ndani ya siku 14, na ujenzi usiendelee mpaka mhandisi aje aone. Bibi alitia dole gumba. Mimi nilitia saini, mkono unatetemeka kama wa mwanafunzi.

Hazikupita siku nyingi ndipo Disemba 3 ikatuletea habari za Katesh. Tope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80. Ule ulikuwa mlima wenyewe umeporomoka, hakuna mwalimu aliyekodi kijiko kule. Lakini jioni ile tukiwa tumekusanyika kwenye televisheni ya dukani, niliona watu wawili wakigeuka kuniangalia, na sikuwalaumu.

Sasa nieleze tulichofanya, maana najua kuna mtu anasoma hapa na kijiko chake kinakuja Jumamosi.

Nilitaka kuanza na ukuta. Kila mtu anataka kuanza na ukuta. Mhandisi aliyekuja, kijana mdogo ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, akaniambia ukuta wa tofali usio na matundu haushindani na udongo, unashindana na maji yaliyojificha nyuma yake, na maji hushinda. Akanipeleka hatua mia tu, akanionyesha uzio wa mtu umelala chali. Alisema nianze juu, na maji yanayoingia kwangu kutoka kwa walio juu yangu. Tukachimba mtaro kukingama na mteremko, tukatupia udongo upande wa juu, ukawa tuta.

Nilisimama pale na chepeo nikajikuta nacheka peke yangu. Hiyo ni fanya juu! Ukitupia chini inakuwa fanya chini. Wataalamu wa hifadhi ya udongo duniani wanaandika maneno hayo hivyohivyo kwenye vitabu vyao vya Kiingereza, kwa Kiswahili chetu, kwa sababu Machakos, kule Kenya, waliyatumia sana matuta hayo. Na mimi nimetoka Mlalo, milima ya Usambara, mahali ambapo mtoto anajua kupanda mteremko kabla hajajua tambarare inafananaje.

Babu yangu aliichukia habari ya matuta mpaka anaingia kaburini. Kwao Mlalo Waingereza walianzisha mradi wao wa kuhifadhi ardhi mwaka 1946, na baada ya hapo matuta yakawa amri: usipochimba, unatozwa faini. Uluguru nako waliamriwa kukata ngazi milimani, watu wakachoka, mwaka 1955 kukawa na vurugu. Babu alikuwa akisema, "Tuta si baya. Ubaya ni mtu kukusimamia na kiboko ulipiganie shamba lako mwenyewe." Uhuru ulipokuja watu waliyaacha matuta kama wanavua shati la jela. Halafu miaka ya themanini ukaja mradi mwingine Lushoto, safari hii na Wajerumani, wakaleta majani ya Guatemala yapandwe kwa mistari ya kukinga maji. Baba alipanda bila kushurutishwa na mtu, kwa sababu majani yale ng'ombe anayala, na ng'ombe akifungiwa bandani anatoa maziwa na samadi. Udongo ukabaki kwa ajili ya maziwa.

Hilo ndilo nililolikumbuka mpakani na bibi. Chini kabisa tuliweka viroba 200 vya mchanga, safu mbili, kuokoa msimu ule. Sehemu kali tukapanda nyasi za vetiva, ambazo mizizi yake huenda chini mita mbili, tatu. Lakini ule mstari wa mpakani wenyewe nilimuuliza bibi anataka nini. Akasema mabingobingo, mjukuu wake ana ng'ombe mmoja. Leo wakiyakata wanayakata kwa kipimo, na pakitokea pengo anayeziba ni yeye, mimi napata taarifa tu. Ukuta wa mawe ulikuja mwisho, wa kimo cha kiuno, na mabomba ya plastiki yanachungulia kila baada ya hatua mbili. Siku ya mvua yanatema maji kama mtoto anayeng'oa meno.

Kinachonikera hadi sasa ni hiki. Kibali changu kilijua nyumba itakuwa na vyumba vingapi, choo kitakaa wapi, dirisha litafunguka upande gani. Hakuna mahali mtu aliponiuliza: utafyeka lini? Masharti yote yameandikwa kwa ajili ya nyumba iliyokwisha simama, wakati madhara yangu niliyafanya katika ile miezi kati ya kijiko na bati. Nyumba iliyoezekwa ina gata na tenki, maji yake yanajulikana yanakokwenda. Uwanja uliochunwa ngozi hauna msemaji. Kama ningekuwa diwani ningeongeza mstari mmoja tu kwenye ile fomu: hakuna kuvunja gamba la mlima Oktoba wala Machi kabla mtaro wa juu na viroba vya chini havijakaguliwa, na isisafishwe sehemu zaidi ya ile itakayojengwa msimu huo. Kona yangu ya mikorosho ingekuwa bado ipo. Nimepanda mingine, imefika magotini.

Masika ya 2024 ilitupiga kweli. Usiku wa mvua kubwa ya Aprili nilishuka na tochi na mwavuli uliokwisha pinduka, nikamkuta bibi naye yuko nje na kandili, amesimama upande wake wa mabingobingo. Maji yalikuwa yanapita, mengi, lakini meupe-meupe, si ya chungwa. Tulisimama pale bila kusema. Kisha akasema, "Nenda ukalale, mwalimu, kesho una watoto."

Nyumba sasa ina bati, lipu bado. Zile tofali za rangi nyekundu fundi alizijenga bila mpangilio, alivyoziokota. Kuna SI iliyopinda juu ya mlango wa jiko, nusu ya M karibu na choo, na sebuleni kuna A moja imekaa kichwa chini. Binti yangu wa darasa la kwanza anajifunzia kusoma humo, na kila siku ananiuliza neno zima lilikuwa nini.