Nilivyobadilisha bati la shimo la dirisha la chini

Nyumba yetu hapa Minneapolis ina chumba cha chini ya ardhi, ambacho dirisha lake hupata mwanga kupitia shimo lililochimbwa nje na kuzungushiwa bati la migongo lenye umbo la nusu duara, ili udongo usiporomokee kioo. Kwa miaka miwili sikulijali. Theluji ilipoyeyuka mwezi Machi, shimo lilijaa kama karai, na maji yakapenya kwenye fremu hadi yakalowesha zulia.

Kwanza nililaumu dirisha, nikaliziba kwa silikoni pande zote, wala haikufaa kitu. Niliposhuka shimoni na tochi ndipo nilipoona kwamba bati lilikuwa limeachana na ukuta kwa upana wa vidole viwili, kwa sababu udongo wa mfinyanzi ukishalowa huvimba unapoganda, nao ulikuwa umelisukuma kidogo kidogo kila mwaka. Kokoto za chini zilikuwa zimefunikwa na majani yaliyooza, maji yakakosa pa kwenda.

Kabla ya kuchimba nilipiga 811, namba ya bure inayotumika Marekani nzima, ili mabomba na nyaya zilizofukiwa zitiwe alama. Rangi ya njano, ambayo ni ya gesi, ilipita hatua mbili tu kutoka pale nilipokusudia kutia sululu.

Bolti za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu, nikazikata kwa msumeno wa chuma. Bati jipya nililisimamisha kwa pimamaji, mdomo wake ukiwa sentimita 10 juu ya ardhi, kisha nikalifunga kwenye zege la msingi. Ndani nilimwaga kokoto safi kwa kina cha sentimita 30, zikaishia chini ya fremu. Nyuma ya bati pia nilijaza kokoto. Jirani aliona ninapoteza fedha, lakini udongo uleule ndio ulioharibu bati la kwanza, nami sikuona sababu ya kuukaribisha tena. Juu kabisa nilishindilia udongo kidogo unaoteremka kwenda mbali na ukuta, na bomba la gata nikalirefusha.

Sasa kila Oktoba ninazoa majani na kukagua mfuniko wa plastiki angavu, ambao sikuufunga kwa kufuli, kwani moto ukizuka mtu aliye chini atatokea hapo. Kisha ninamwaga ndoo mbili za maji shimoni. Mwaka jana zilinywewa kabla sijaiweka ndoo ya pili chini.