Mfalme aliyeogesha wazee

Saa moja asubuhi nimetoka zamu ya usiku, mikono bado inanuka dawa ya kusafishia. Usiku mzee mmoja kanirushia bilauri ya maji, eti nimemgeuza kwa ubavu unaomuuma. Nikaokota vipande, nikapiga deki, nikamwomba radhi. Kwenye basi nikamkumbuka Mumbere.

Charles Wesley Mumbere, Omusinga, yaani mfalme, wa Rwenzururu, kwenye milima ya Rwenzori magharibi mwa Uganda. Kazi hii hii ya kuogesha wazee yeye kaifanya miaka mingi, huku Marekani, Maryland kisha Pennsylvania. Sijui kama naye alirushiwa bilauri.

Baba yake, Isaya Mukirane, alikuwa mwalimu. Wakonzo na Waamba, watu wa milima hiyo, walichoka kudharauliwa chini ya ufalme wa Toro, wakaomba wilaya yao. Walipokataliwa, Mukirane akapanda mlimani, na mwaka 1962 akatangaza ufalme. Alipofariki 1966, kiti kikamwangukia mtoto wa miaka 13. Mimi umri huo nilikuwa natumwa sukari dukani na chenji napoteza.

Kinachonishika ni 1982. Mumbere alishuka mlimani na watu wake wakakabidhi silaha kwa serikali ya Obote. Vita vya miaka ishirini vikaishia hapo, na ni wachache wanaomsifu kwa hilo. Mwaka 1984 akaja Marekani kusoma. Obote akapinduliwa mwaka uliofuata, ufadhili ukakatika, naye akaingia kwenye uuguzi wa wazee.

Mwaka 2009 serikali ya Museveni ikautambua ufalme, akarudi kwao. Novemba 27, 2016, jeshi likavamia ikulu yake Kasese, likisema walinzi wake ni waasi wanaotaka kujitenga. Human Rights Watch ilihesabu waliouawa kuwa zaidi ya 100, watoto wakiwemo. Yeye akashtakiwa kwa uhaini na mauaji. Mashtaka yakafutwa 2023.

Nilimwambia mwenzangu wa zamu, Mnande wa Butembo, Kongo (Wanande na Wakonzo ni ndugu, mpaka wa wakoloni ndio uliowagawa), kwamba pengine mfalme angebaki tu huku, wale watu wangekuwa hai.

"Kaka," akaniambia huku akikunja shuka, "mbona humuulizi aliyefyatua risasi?"

Sikuwa na jibu. Leo usiku naingia tena. Yule mzee nitampelekea kikombe cha plastiki.