Kuku wa Shangazi

Gongo la Mboto, Jumapili jioni

Leo umetimia mwezi wa kumi na tisa tangu nilipoacha nyama ya ng'ombe, na mwezi wa pili tangu nilipoacha mayai. Maziwa bado sijayaacha, kwa maana kikombe cha chai ya asubuhi kimenishinda mara tatu, nami nimeona ni heri kulikubali hilo kuliko kujidai nimefika. Jana nilirejea kutoka kwetu Same, na safari hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike.

Nyumba yetu ya huku Dar es Salaam haiko mbali na barabara ya Pugu, ambako malori ya ng'ombe wanaopelekwa mnadani hupita alfajiri yakitoka bara. Kwa miaka mingi niliyasikia bila kuyatazama. Asubuhi moja lori lilisimama mbele ya kituo cha daladala, nami nikamwona ng'ombe aliyeanguka sakafuni, wenzake wakimkanyaga kwa sababu hawakuwa na pa kuweka miguu, na jicho lake likinitazama kupitia upenyo wa mbao. Sikuamua lolote siku ile. Jioni nilipika nyama kama kawaida, nikaila, ila kila tonge lilinirudisha kwenye lile jicho, na baada ya wiki chache nilijikuta nikipita buchani bila kusimama.

Niliacha kidogo kidogo. Nilianza na nyama ya ng'ombe na mbuzi, kuku akafuata baada ya miezi mitano, na samaki alichukua karibu mwaka mzima, hasa kwa ajili ya dagaa, ambao ladha yao ndiyo niliyoitamani kuliko nyama yoyote. Mume wangu na watoto wanaendelea kula watakacho. Sikutaka uamuzi wangu uwe sheria ya nyumba.

Upande wa lishe haukunisumbua kama watu walivyonitisha. Makande ya kwetu Upare, mahindi yaliyokobolewa na maharage yakichemka pamoja kwa saa nyingi, ni chakula kilichokamilika zaidi kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa kile ambacho protini ya mahindi inakipungukiwa kimo katika maharage, na kile ambacho maharage yanakipungukiwa kimo katika mahindi. Nimejifunza kukamulia limau kwenye mchicha na kutokunywa chai pamoja na chakula, kwani limau husaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyo katika mboga, ilhali chai huyazuia. Jambo moja tu halina njia ya mkato, nalo ni vitamini B12. Haipatikani kwa uhakika katika mmea wowote, na kwa kuwa ini huweza kuhifadhi akiba yake kwa miaka, mtu anaweza kujiona mzima kabisa huku akiba ikiisha, hadi siku anapopata upungufu wa damu au ganzi ya miguu na mikono. Mimi ninakunywa vidonge vyake, na yeyote anayefikiri kuifuata njia hii ningemsihi aanze na hilo kabla ya kubadili chochote jikoni.

Ugumu wenyewe uko mezani kwa watu. Mama yangu alitulea kwa makande na kisamvu, na nyama tuliiona Krismasi au panapokuwa na msiba. Hatukuwa tumeichagua hali hiyo, na sipendi kuisimulia kana kwamba ilikuwa hekima ya wazee, kwa sababu mama aliihesabu kuwa ni uhaba, akasali utuishie. Kwake, mtoto aliyesoma akapata kazi mjini ni mtoto anayekula nyama siku yoyote aitakayo. Nilipomwambia nimerudi kwenye makande kwa hiari, aliniuliza kwa sauti ya chini kama kazi bado ninayo.

Wengine huelewa sababu mbili tu, dini na daktari. Wasabato waliingia Upare mwaka 1903, na wako miongoni mwao wasiogusa nyama, hivyo swali la kwanza huwa kama nimebadili dhehebu. Nikisema sikubadili, huniuliza ni ugonjwa gani. Mwaka jana, kwenye harusi moja, nilichoka kueleza nikajibu kwamba daktari amenikataza, na mara moja sahani ikaondolewa kwa upole na watu wakanipa pole. Nililala vibaya usiku ule. Nilikuwa nimepokea huruma isiyo yangu, na lile jicho nililoliona kwenye lori nilikuwa nimelikana.

Kwa hiyo safari hii niliazimia kumweleza shangazi ukweli mapema. Kwetu mgeni huchinjiwa kuku, na kuku huyo si kitoweo tu. Ndiyo namna ya mwenyeji kusema kwamba kuja kwako kumeonekana. Nilimpigia simu wiki mbili kabla, nikamsimulia habari ya lori yote, naye akasikiliza, akasema, "Haya mwanangu, njoo." Nilipofika alikuwa amepika makande na majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, matamu kuliko yote niliyokula mwaka huu. Lakini hakuketi. Alikuwa akiingia na kutoka, na majirani walipopita kunisalimu aliwaeleza kabla hawajauliza kwamba kuku yupo, ni mimi niliyekataa. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimejiandaa kulinda uamuzi wangu, sikuwa nimejiandaa kuilinda heshima yake.

Nilimfuata jikoni, nikamwomba radhi. Nilimwambia kwamba kuku wake nimempokea moyoni. Akanijibu kwamba mambo ya moyoni majirani hawayaoni.

Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza hadi barabarani akiwa na kikapu, na ndani yake mtetea mweusi amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. "Ule, usile, ni wako," alisema. "Mgeni wangu haondoki mikono mitupu." Nilimpakata njia nzima hadi Dar es Salaam.

Sasa yuko chini ya mpapai, nyuma ya jiko, na watoto wamekwisha kubishana nani atakula yai la kwanza. Alasiri hii shangazi amepiga simu kuuliza kama amefika salama na kama anakula. Nilimjibu kwamba amekula punje za mahindi niliyoloweka kwa ajili ya makande ya kesho. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nimwekee maji mengi, kwa kuwa kuku wa milimani hajalizoea joto la huku.