Hewa ya baharini si safi kila siku

Dadangu mmoja, mtoto wa mamangu mdogo, ana pumu. Jumamosi alikuja kwetu Changamwe, Mombasa, saa nane mchana, jua kali na upepo hamna, kafika mlangoni ameshika kifua na inhela mkononi. Mama akasema ni vumbi la matrela. Nikamwambia mama, vumbi limo lakini sio peke yake, kuna ozoni.

Ukitaja ozoni watu wanafikiria ile ya juu kabisa, kilomita 15 hadi 35 huko, inayotukinga na miale ya jua. Hii ya huku chini ni gesi ileile, ila ukiivuta inachoma mapafu. Na haitoki kwenye ekzosi wala bomba lolote, inapikwa hewani. Injini zinatoa oksaidi za naitrojeni, halafu kuna mvuke wa petroli, wa rangi, wa taka zinazochomwa, jua likivipiga vyote pamoja ndo ozoni inatoka. Ushawahi kusimama kwenye pampu mchana ukaona hewa inachezacheza pale mdomoni mwa tangi? Mvuke wenyewe ndo huo. Mwanakemia Arie Haagen-Smit aligundua haya Los Angeles miaka ya 1950, nao wako pwani kama sisi.

Sasa sisi tunajiambia bahari inatusafishia. Wallahi hata mimi nilikuwa naamini hivo. Lakini usiku umande, ule upepo wa kutoka nchi kavu, unasukuma moshi wa mjini na wa bandari ya Kilindini mpaka baharini, unakaa pale juu ya maji, asubuhi jua linaupiga, na upepo wa bahari ukianza kuvuma unaturudishia ule ule wa jana ukiwa umeshaiva. Kusi likiwa kali unapeperushwa mbali, sawa, ila wakati wa maleleji upepo ukilegea ndo balaa.

Meli nazo zimo. Tangu 2020 mafuta yao yanatakiwa yasizidi salfa asilimia 0.5, kutoka 3.5, na hilo ni jambo zuri sana, lakini oksaidi za naitrojeni ni kitu chengine, hizo bado zinatoka.

Kitu kilichonishtua zaidi ni kwamba pale pale kwenye foleni ya matrela ozoni inaweza kuwa chini, manake moshi mbichi wa injini unaila, halafu inapanda kule unakoelekea upepo. Kwa hivyo mtu wa Miritini ama Mazeras, huko juu upande wa bara, anayejiona yuko mbali na bandari anaweza kuivuta kuliko mimi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi maikrogramu 100 kwa mita ya ujazo, wastani wa masaa 8, na mimi natamani sana mita za kupima ziwekwe mpaka huko juu, sio mjini tu.

Dadangu tumekubaliana awe anakuja asubuhi, kabla jua halijapanda. Na pikipiki yangu sai naijaza mafuta baada ya magharibi.